Nati za Mkono wa Chini

Kipimo alikuwa amelala chali chini ya gari lisilo na magurudumu, bolti ameing'ata kwa meno, akijaribu kuufunga mkono wa chini wa kulia, ule wa chuma unaolishika gurudumu, kwa mara ya tano. Si mara ya tano asubuhi ile, ni mara ya tano tangu mwaka uanze. Mara nne zilizopita aliufunga ule mkono wa chuma, akafunga na wa juu, akaweka shokapu na springi yake, akapiga hatua tatu kwenda kunywa maji, kisha akarudi akafungua kila kitu na kuanza upya. Mkewe, ambaye ni muuguzi na ameshaona wagonjwa wa kila namna, aliacha kuuliza tangu mara ya pili.

"Hili gari litazeeka kabla halijazaliwa," alisema asubuhi hiyo akivaa viatu. Halafu akaongeza, akiwa tayari mlangoni, "Na shemeji yako atakuja saa nne. Usijifiche huko chini." Akaenda zake kazini.

Lilikuwa gari la kujiundia. Lilikuja katika masanduku manne ya mbao: chesesi, yaani kiunzi cha mabomba ya chuma, mikono ya mbele na ya nyuma, usukani, viti viwili, kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia mbili na kumi, na mifuko ya plastiki iliyojaa nati na bolti, kila mfuko na namba yake. Paa halikuwepo. Kipimo na mdogo wake waliliagiza pamoja wakati wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mikate, mkubwa fundi wa gereji, mdogo dereva wa gari la kusambaza. Makubaliano yalikuwa mepesi: mkubwa ataunda, mdogo ataendesha. Wakabishana miezi kadhaa kuhusu rangi, mmoja anataka kijani, mwingine anasema kijani ni rangi ya makopo ya taka. Sanduku la pili lilikuwa bado halijafunguliwa mdogo mtu alipofariki.

Jina la Kipimo alipewa na wenzake wa gereji. Wao walikuwa wanakaza nati mpaka mishipa ya shingo iwatoke, kisha wanasema imetosha. Yeye hakuwahi kukisia kitu maishani mwake. Alikuwa na spana ya kipimo, ile unayoizungusha namba kwenye mpini, na ukifika kiwango inagonga kidogo mkononi kukwambia acha. Akishakaza, anachovya brashi ndogo na kupiga mstari mweupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili nati ikilegea mstari ukatike na yeye aone. Walimcheka sana. Walisema hata mkewe humpima kwanza kabla ya kumkumbatia. Naye alikuwa anacheka nao, maana alijua kwamba gari lolote bovu likiingia pale, meneja huuliza kwanza kama Kipimo yupo.

Ajali ilitokea miaka mitatu iliyopita. Gari la mkate, lililokuwa limetoka mikononi mwa Kipimo asubuhi ileile likiwa na bushi mpya za mbele, zile za mpira, lililaza gurudumu la kulia kwenye kona ya mteremko. Likamgonga mwendesha baiskeli, ambaye mpaka leo anatembea kwa magongo, likaingia kwenye ukuta wa shule. Mdogo wake alikufa akiwa ameshika usukani, mikate imemwagika barabara nzima na watu wanaipita wakiiogopa.

Mpelelezi alimuuliza Kipimo swali moja tu la maana. Ulikaza nati za mkono wa chini? Kipimo akajibu, nilikaza. Bolti yenyewe ilitafutwa haikuonekana. Sasa kama fundi amekaza, na fundi mwenyewe ni Kipimo, aliyebaki ni dereva. Ikaandikwa kwenye ripoti: mwendo wa kasi. Maneno matatu hayo yaliingia nyumbani kwa marehemu kabla hata ya viti vya waombolezaji kurudishwa vilikoazimwa, na hayakutoka tena.

Kipimo aliacha kazi mwezi huohuo. Alikuwa anajiambia kwamba hakumbuki. Kwamba asubuhi ile kulikuwa na mambo mengi, kwamba mkono unaweza kukaza hata kama kichwa hakikuweka kumbukumbu. Ndipo alipolikumbuka lile gari la kwenye masanduku. Akiliunda lote, peke yake, asisahau nati hata moja, basi yeye si mtu wa kusahau nati, na kama si mtu wa kusahau nati, basi alichomwambia mpelelezi ni kweli. Ni hoja ya kitoto, na mtu mzima mwenye mvi kidevuni alipaswa kuionea aibu. Lakini hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, akaishikilia kwa meno kama ile bolti.

Tatizo ni kwamba hakuweza kulishusha chini. Kila akikaribia kutoa stendi zilizolibeba, anarudi kufungua.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, shemeji. Pita, ila angalia usikanyage hiyo trei."

"Naona miguu tu. Mwenye miguu yuko wapi?"

"Yuko huku chini. Anakuja."

Hakuja. Alibaki palepale akitazama viatu vya mke wa marehemu mdogo wake vikizunguka trei ya nati, vikasimama karibu na tairi zilizoegemezwa ukutani. Alikuwa mshonaji, na alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani yake, maana futi ya kitambaa ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na pini mbili zimechomekwa kwenye kola. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Nimeleta karatasi," alisema. "Sitaki kukupotezea muda. Ni saini tu."

"Karatasi ya nini?"

"Ya binti." Akainama ili wasikilizane, kiganja kimoja juu ya bomba la chesesi. "Wanaandikishwa mtihani. Hataki jina la baba yake."

Kipimo aliitoa bolti mdomoni.

"Hataki vipi?"

"Hataki kama watu wanavyokataa kitu. Anataka atumie la babu yake, la upande wangu. Nimeenda ofisini, wamesema sawa, ila asaini ndugu wa upande wa baba kwamba hawana pingamizi. Ndugu wa upande wa baba ni wewe. Jumatatu asubuhi wanafunga orodha."

"Mtoto wa miaka kumi na minne anaamua jina?"

"Shemeji, wiki iliyopita mwalimu amesoma majina darasani. Alipofika la kwake, darasa zima likaiga mlio wa breki. Darasa zima. Mwalimu mwenyewe akageukia ubaoni ili asionekane anacheka." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulilia hilo jambo mahali pengine. "Yule wa baiskeli mwanawe yuko darasa hilohilo. Unataka nimwambie nini? Avumilie?"

Kipimo aliifuta bolti kifuani. Alitazama juu, kwenye tumbo la gari, akaona tundu mbili za bolti zilizokuwa hazijakaa sawa, na kwa kuwa hakutaka kutoka na kushika kalamu, akasema neno la kipumbavu kuliko yote ambayo angeweza kusema.

"Nishikie hapa kwanza. Dakika moja. Nahitaji mkono wa pili."

Mwanamke aliweka bahasha juu ya kiti cha gari, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kwenye kipande cha boksi kilichokuwa sakafuni. Ni watu wanaofanya kazi kwa mikono, hawa. Ukimwambia shika, anashika kwanza, kugomba baadaye.

"Nishike wapi?"

"Hapo mwisho, panapofungwa gurudumu. Inua kidogo. Kidogo tena. Sasa sukuma kwangu, taratibu."

Mkono wa chini ulikuwa na umbo la herufi A, ncha moja nje kwenye gurudumu, miguu miwili ndani kwenye chesesi. Kila mguu ulikuwa na bushi ya mpira iliyobanwa ndani ya pete ya chuma, na bushi hizo zilipaswa kuingia katikati ya masikio mawili ya chesesi bila nafasi ya ziada hata unene wa kucha. Kipimo alichungulia tunduni. Akaona mwanga nusu, kisha mwanga wote. Bolti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, laini, kama haikuwa ile iliyomtesa tangu asubuhi.

"Usiachie," alisema, akahamia mguu wa pili. Nao ukaingia. Akavalisha washa, vile visahani vyembamba vya chuma, akaweka nati, akazizungusha kwa vidole mpaka zikagusa chuma. Halafu akaacha.

Shemeji yake alingoja. Spana ya kipimo ilikuwa palepale juu ya kitambaa, karibu na goti lake.

"Mbona hukazi?"

"Bado. Hizi hazikazwi gari likiwa juu."

"Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Kipimo alipumua vizuri, maana aliulizwa kitu alichokijua. "Kwa sababu ya hii mipira. Sasa hivi mkono unaning'inia, umelegea. Nikikaza hapa, mpira unashikwa ukiwa umelala hivi. Nikishusha gari, uzito unaupandisha mkono, mpira unajikunja, unaishi umejikunja. Baada ya muda mfupi umechanika. Kwa hiyo unafunga kwa vidole tu, unaweka magurudumu, unalishusha lisimame kwa uzito wake, ndiyo unakaza."

"Aa," alisema mshonaji. "Ni kama bandi. Unashikiza kwanza kwa uzi mrefu, unamvalisha mtu, ukiona limekaa mwilini ndiyo unapitisha cherehani."

"Ndivyo hasa. Ni bandi."

"Mimi nimewahi kusahau," alisema, na kitu kama tabasamu kikampita. "Bibi harusi mmoja. Upande wa kwapa ulikuwa na bandi tupu. Alipoinua mkono kupungia watu, gauni likafumuka mpaka kiunoni." Kisha akaitazama ile nati, akaigusa kwa ncha ya kidole. "Wewe ukisahau?"

Kipimo alijifanya anatafuta kitambaa.

Mwanamke hakuwa na hila. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyejifunza kitu dakika hiyo, na akili yake ikaendelea kutembea yenyewe. "Lile gari la mkate nalo ulilifunga hivi?"

"Yote hufungwa hivi."

"Kwa vidole kwanza."

"Kwa vidole kwanza."

"Halafu ukalikaza likiwa chini."

Hapo palikuwa na mlango. Kipimo aliuona wazi, ulikuwa wazi wote, na mwanamke mwenyewe ndiye aliyeufungua bila kujua. Angeweza kupita. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, kwa sauti ileile iliyomjibu mpelelezi, "Nililikaza likiwa chini."

Shemeji yake aliitikia kwa kichwa taratibu, akakaa kwenye visigino vyake.

"Nilitaka unihakikishie," alisema. "Maana juzi nilifungua kabati nikakuta shati lake moja ambalo sikulitoa. Nikakaa nalo mapajani kama mjinga. Nikaanza kumwonea huruma. Nikasema labda hakuwa anakimbia, labda gari lilikuwa na kitu. Nikajishika, nikajiambia, wewe, aliyelitengeneza ni nani? Ni Kipimo. Huyu hakosei. Ni yeye tu marehemu na haraka zake, ametuachia aibu akaenda kupumzika." Akainuka, akajipangusa magoti. "Shati nimelifanya vitambaa vya kufutia mashine. Toka huko, shemeji, usaini."

Alitoka. Alitambaa kwa mgongo mpaka kwenye mwanga, akasimama. Karatasi ilikuwa imeshawekwa juu ya kiti cha gari, kalamu juu yake. Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, mzuri, wa mviringo, na mbele yake jina la baba yake limepigwa mstari. Si mstari wa hasira. Binti aliupiga kwa rula.

"Mikono yangu ni michafu," alisema Kipimo.

"Shika kwa ukingo."

"Nikanawe."

"Utachafua nini, shemeji? Ni saini tu."

Akashika kalamu. Akaigusisha kwenye karatasi. "Haiandiki."

"Inaandika. Nimeitumia asubuhi."

Iliandika. Alichora herufi ya kwanza ya jina lake, na kidole chake cha grisi kikaacha alama nyeusi pembeni ya jina lililokatwa. Alifikiria mambo ya ajabu kwa wakati mmoja. Alifikiria kwamba akisaini, mtoto atakaa darasani kwa amani, na hilo si jambo baya. Alifikiria kwamba mfu haumizwi na karatasi. Alifikiria kwamba amekwisha sema mara mbili, na mtu akisema mara mbili hawezi tena kurudi. Hoja zilimjia haraka na zote zilikuwa nzuri. Aliona mdogo wake amekaa kwenye kile kiti kisicho na gari, siku sanduku la kwanza lilipofunguliwa, ameshika usukani wa hewani na kufanya mlio wa injini kwa mdomo, mtu mzima mwenye mke na mtoto.

"Sikukaza," alisema.

"Nini?"

"Zile nati. Sikuzikaza."

Mwanamke alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua karatasi. Mkono ukabaki hapohapo.

"Umesema sasa hivi umekaza. Hata dakika tano hazijapita."

"Nimedanganya. Nilidanganya wakati ule, na sasa hivi nimedanganya tena." Akaiweka kalamu chini. "Nilifunga kwa vidole, kama hivi. Nikaweka magurudumu, nikalishusha. Nikainama nichukue spana. Meneja akaniita, kuna gari limevutwa kwa kamba limeziba lango, njoo mara moja. Nikaenda. Niliporudi gari la mkate halipo. Mdogo wangu amelikuta limesimama chini, ufunguo ndani, mikate imeshapakiwa. Akajua nimemaliza. Nani angejua vingine? Lilikuwa limesimama chini."

"Lakini wewe hupiga mstari mweupe. Watu wote wanajua."

"Sikupiga."

"Labda ulipiga umesahau. Wewe mwenyewe ulisema, msibani ulisema, kichwa kimejaa mambo mengi." Ajabu ni kwamba alikuwa anamtetea. Alikuwa anamsihi awe hana hatia, kwa sababu kama fundi hana hatia, basi miaka yake mitatu ya hasira ilikuwa na mahali pa kukaa. "Labda ulikaza."

"Shemeji, nilijua." Hili hakuwa amewahi kulisema hata moyoni mwake. Miaka mitatu alikuwa amelizungushia ukuta wa "sikumbuki" mpaka naye akaanza kuuamini, na sasa lilimtoka lote. "Nati zile zinakazwa kwa themanini. Niliporudi kupanga vyombo vyangu niliitazama spana. Ilikuwa kwenye ishirini na tano, namba ya bolti ndogo za injini nilizokaza mapema. Haikuwa imeguswa. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilijua nati ziko kwa vidole, na gari liko njiani."

Mwanamke alikaa kwenye ukingo wa sanduku la mbao.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

"Ajali ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano."

"Ndiyo."

"Dakika arobaini." Alizihesabu kwa vidole, moja kwa kila kumi, kana kwamba anapima kitambaa. "Ulikuwa na simu?"

"Mfukoni."

"Na yeye alikuwa nayo. Niliongea naye saa mbili na nusu. Aliniuliza kama mtoto amekula." Akavikunja vile vidole. "Kwa nini hukumpigia?"

Kipimo alitamani aulizwe kitu kingine chochote. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa dogo mno, na udogo wake ndio uliokuwa unamuua.

"Gereji nzima ilikuwepo. Walikuwa wanakunywa chai. Wangenisikia nikisema, simama, Kipimo amesahau nati." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na grisi. "Niliona aibu. Nikajiambia mzunguko wa kwanza ni mfupi, atarudi saa nne, nitamwita pembeni nitamalizia kimyakimya. Nikaizungusha spana mpaka sifuri, nikaiweka kwenye sanduku lake. Nikaenda kunywa chai na mimi."

Alingoja kofi. Alingoja tusi, alingoja mayowe ya kuleta majirani, na angevipokea vyote kwa shukrani. Shemeji yake hakufanya hata kimoja. Alishuka kwenye sanduku, akapiga magoti, kisha akalala chali kwenye lile boksi lenye mafuta akiwa na gauni lake la kutokea, akaingia chini ya gari mpaka kifuani.

"Ni hii?"

"Ni kama hiyo."

Alisikia nati ikizungushwa. Ilizunguka kwa urahisi, ikirudi nyuma, ikienda mbele, chuma kikisugua chuma kidogokidogo.

"Inatoka kwa vidole viwili," ilisema sauti ya chini ya gari.

"Ndiyo."

"Barabarani inatoka yenyewe."

"Inatikiswa inatoka. Ikishatoka, bolti inafuata. Mkono unaachia."

"Alipokunja ile kona, usukani ulimsikia?"

"Haukumsikia. Gurudumu lilikuwa limeshalala. Hata kama angekuwa anatembea pole kuliko baiskeli, lingelala."

Nati ilikuwa imeacha kuzunguka.

"Zile alama za barabarani," alisema. "Nyeusi, ndefu. Niliambiwa zinaonyesha alivyokuwa anakimbia."

"Ni za breki, shemeji. Alikanyaga kwa nguvu zake zote. Nilikwenda kuziona mwenyewe. Zinaanza kabla ya yule wa baiskeli. Alimwona, akajaribu kumkwepa kwa kitu ambacho hakikuwa na gurudumu."

Hapo ndipo alipolia. Kipimo aliona magoti yake yakikunjwa na viatu vikisugua sakafu, na sauti iliyotoka chini ya lile gari haikuwa ya msiba wa miaka mitatu, ilikuwa ya msiba wa asubuhi hiyo. Alikuwa anamwita mumewe. Si kwa jina la kwenye ripoti, wala kwa yale majina mengine aliyomwita tangu amzike. Alimwita "baba" kama alivyozoea kumwita jikoni, akimwomba msamaha, akimwambia shati, shati lako, baba, nimelikata. Alikuwa amemtukana miaka mitatu mtu aliyekuwa anakanyaga breki. Kipimo alitaka kumshika bega, akaona hana haki hiyo, akabaki amesimama na mikono yake imening'inia mbali na mwili.

Alipotoka, gauni lilikuwa na mafuta mgongo mzima. Hakujipangusa. Alichukua ile karatasi juu ya kiti, akaikunja mara mbili, akairudisha kwenye bahasha.

"Nitakwenda kituoni," alisema Kipimo. "Nitaandika maelezo mapya. Yote, hata ya chai."

"Utakwenda leo."

"Leo."

"Na yule wa baiskeli utakwenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako."

"Nitakwenda."

"Mimi usinitazame hivyo. Sina cha kukupa." Alisema bila kupandisha sauti. "Sijui kama nitakuita tena shemeji. Sijui. Labda kesho nitakuja kukuvunjia hivi vioo vya madirisha. Leo sina nguvu." Akavuta simu kutoka mfuko wa gauni, akabonyeza, akaiweka sikioni. Mkono wake ulikuwa mweusi wa grisi kama wa Kipimo. "Hallo. Uko wapi? Kaa chini. Nimesema kaa. Hapana, hajasaini. Ngoja." Akaondoa simu sikioni, akamnyooshea.

Kipimo hakuelewa.

"Mwambie wewe," alisema. "Ukiwaambia polisi tu, atayasikia kwa watu. Mimi nikimwambia, atadhani namfariji. Baba yake alisemwa na mdomo wako. Mdomo huohuo umrudishe."

"Shemeji, mtoto mdogo."

"Darasani hawamhurumii kwa udogo wake. Shika."

Aliishika kwa mikono miwili. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kiti kikivutwa, halafu pumzi, halafu sauti nyembamba yenye heshima zote, ya binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Alitakiwa kuitikia marahaba. Ni neno jepesi, analitoa kila mtu aliyezaliwa mapema kidogo kuliko mwenzake, na Kipimo alilitafuta akakuta hawezi kulitoa. Mama wa mtoto alikuwa amesimama mbele yake hatua mbili, hapepesi macho.

"Usiniamkie, mwanangu," alisema. "Nisikilize kwanza."